REKI YA MAKSAI YASAFISHA MALISHO NANYALA

Na Bwana Shamba



Mwezi wa Septemba ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Mbeya kwenda Tunduma, utaona moshi. Unaona moshi kulia, unaona moshi kushoto. Ukiuliza nini kinaungua, watu watakujibu kwamba hakuna kinachoungua. Wanasafisha malisho tu.

Nanyala iko kwenye barabara hiyo. Ni kata ya Wilaya ya Mbozi. Zamani Mbozi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 ni wilaya ya Mkoa wa Songwe. Watu wa hapa wanalima mahindi, maharage na kahawa. Wengi wanafuga ng'ombe, na wenye ng'ombe wengi wao wana maksai wa kulimia.

Septemba mwaka 2022 mzee mmoja wa hapa aliwasha moto katika malisho yake. Mzee huyu ni mkulima mwangalifu. Aliwasha asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Alisimama na wanawe wawili, kila mmoja na tawi bichi mkononi. Saa 5 upepo ukaanza. Moto uliruka njia ya ng'ombe, ukaingia katika shamba la kahawa la jirani. Jioni tulikwenda kuhesabu. Miche 43 ilikuwa imeungua. Ilikuwa kahawa ya miaka miwili. Mwaka uliofuata ingeanza kuzaa.

Jirani huyo na mzee huyo ni watoto wa ndugu. Walikuwa wakiazimana jembe, wakiazimana chumvi. Baada ya moto hawakusalimiana kwa miezi mingi.

Serikali ya kijiji iliwaita. Nami niliitwa. Mzee alisimama akasema, "Bwana Shamba, mimi sikutaka kumchomea ndugu yangu kahawa. Nilitaka kufagia tu."

Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Baba, ufagio gani huo unaokula na nyumba?"

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Aliniangalia mimi akauliza, "Wewe umesoma. Kama si moto, nitafagia eka nne kwa nini? Kwa mikono?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala hii ni jibu langu. Limechelewa, lakini nimelijaribu kwanza kabla ya kuliandika.

KWA NINI WATU WANACHOMA

Tuseme kweli. Mtu anayechoma malisho si mjinga. Nyasi za mwaka jana zikikauka zinalala juu ya ardhi kama mkeka. Ng'ombe hazipendi. Nyasi mpya zinapotaka kuota zinakosa mwanga. Ukichoma, mkeka unaondoka, na mvua za kwanza za Novemba zinapoanguka, majani mabichi yanatokea upesi. Kupe wengine nao wanaungua. Haya yote ni kweli.

Tena moto katika nchi hii si jambo la jana. Wazee wa Kinyiha walikuwa na kilimo chao cha nkule. Walikwatua ardhi yenye nyasi, wakarundika mabonge ya udongo na nyasi, wakayachoma, kisha wakapanda. Walikuwa na ardhi kubwa na watu wachache. Walihama, ardhi ikapumzika miaka mingi. Leo shamba la mtu limepakana na la mwenzake, na kati yao pana njia ya hatua mbili. Moto hauoni mpaka.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwa macho. Ndani ya nyasi kuna chakula cha mimea kiitwacho naitrojeni. Ndicho kile kile unachonunua katika mfuko wa yurea. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 tu, ndiyo uliyolipia. Nyasi zikiungua, sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwa ndani yake hupanda na moshi. Majivu yanabaki na chakula cha aina nyingine, lakini hicho kimekwenda. Kwa hiyo mtu anachoma mbolea mwezi wa Septemba, kisha mwezi wa Desemba anakwenda dukani kununua mbolea.

REKI NI NINI

Reki ya mkono mnaijua. Ni mti wenye meno, na mpini mrefu. Inatumika kufagia uwanja. Reki ya maksai ni ile ile, ila ni kubwa, na inakokotwa na ng'ombe wawili badala ya mtu mmoja.

Sikuivumbua mimi. Huko Ulaya na Marekani, kabla ya matrekta, farasi walikokota reki kubwa za kukusanyia nyasi. Leo huko huko watu wenye viwanja vikubwa vya nyasi na malisho wanafunga reki nyuma ya trekta au gari dogo. Hapa kwetu, mwaka 1987, ulianza mradi wa maksai katika Mkoa wa Mbeya kwa msaada wa Kanada. Wakati huo Mbozi ilikuwa mkoa huo. Mradi ule ulihimiza plau, mikokoteni na zana nyingine za kukokotwa na wanyama. Wazee wengine wanaukumbuka. Plau zilibaki na mikokoteni ikabaki. Zana nyingine hazikuenea sana. Maksai wetu wanalima mwezi wa Novemba na Desemba, wanabeba mahindi mwezi wa Juni na Julai, na siku nyingi za mwaka wamesimama tu wakila.

Niliposoma chuoni tulifundishwa haro. Haro ni zana ya kuvunja mabonge na kusawazisha shamba lililolimwa. Reki ni jamaa yake haro, lakini kazi zao ni mbali. Haro inauma udongo. Reki haitakiwi kuuma udongo. Nasema hivyo mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilisahau jambo hilo, na mtaona matokeo yake.

TULIVYOITENGENEZA

Mwaka 2023, mwezi wa Julai, tulikaa watu sita pamoja na fundi seremala na fundi chuma. Mzee wa moto alikuwa mmoja wetu. Yeye ndiye aliyetoa boriti.

Boriti ni ya mti mgumu, mkavu, mita 2 urefu. Unene wake ni sentimita 10 kila upande. Tulitoboa matundu 16, kila tundu likiwa mbali na mwenzake sentimita 12. Meno tulikata nondo za milimita 16. Kila jino ni sentimita 40. Sehemu ya juu inaingia katika boriti, na sentimita 30 hivi zinabaki chini.

Reki ya kwanza meno yake yalikuwa yamenyooka kama misumari. Tuliipeleka malishoni tukifurahi. Ilitembea hatua 30. Jino moja likashika kisiki kilichofichwa na nyasi. Maksai ni wanyama wenye nguvu, wakishika njia hawajui kisiki. Boriti ikapasuka katikati, kwenye mstari wa matundu. Vijana waliokuja kutazama walipiga makofi. Mzee akachukua vipande viwili vya boriti yake, akaondoka bila neno.

Nilidhani hatarudi. Alirudi siku ya tatu na boriti nyingine.

Safari hii tulibadili mambo manne. Kwanza, fundi chuma alipasha meno moto akayapinda. Nyosha mkono wako mezani kama unayekusanya punje za mahindi kuzivuta kwako. Tazama vidole vilivyojipinda. Hivyo ndivyo jino linavyotakiwa kuwa: linashuka, kisha ncha yake inaelekea mbele kidogo. Jino la namna hiyo linateleza juu ya ardhi na kubeba nyasi. Halichimbi.

Pili, tulifunga bamba la chuma juu ya boriti ili mti usipasuke. Chuma hicho kilikuwa springi ya lori iliyotupwa. Anayekaa kando ya barabara ya malori hakosi chuma.

Tatu, tuliweka miguu miwili ya mti kila upande wa boriti. Miguu hiyo inateleza chini kama mtumbwi. Inashikilia boriti ili ncha za meno ziwe juu ya udongo kwa unene wa kidole kimoja. Usiache jambo hili. Mtu akikuambia miguu ni kazi bure, mwache aende na reki yake.

Nne ni pini. Mnyororo wa kukokotea haufungwi moja kwa moja kwenye boriti. Katikati tumeweka pini ya mti laini, nene kama kidole gumba. Reki ikishika kisiki, pini inavunjika na maksai wanaendelea mbele peke yao. Reki inabaki nzima. Unachonga pini nyingine kwa kisu, unaendelea. Mwendeshaji anatembea na pini tano mfukoni.

Nyuma kuna mikono miwili kama ya plau. Kazi yake nitaieleza. Uzito wa reki yote haufiki kilo 40, na mtu mzima mmoja anaweza kuinua meno yake. Kuhusu bei siandiki, kwa maana bei ya nondo inabadilika kila mwezi, na boriti na springi sisi hatukununua. Nenda na vipimo hivi kwa fundi wako mpatane.

INAVYOFANYA KAZI

Reki haikati nyasi. Ndugu, lishike jambo hili. Watu walikuja na maksai wao wakadhani nyasi zilizosimama zitang'oka zenyewe. Nyasi zilizosimama zinakatwa kwanza kwa fyekeo. Zinaachwa ardhini zikauke siku mbili au tatu. Ndipo reki inapita. Nyasi zilizolala na kufa zenyewe hazihitaji kukatwa.

Usikate mpaka chini kabisa. Acha mashina ya urefu wa vidole vinne. Mashina hayo ndiyo yanayoshika udongo mvua ikija, na humo ndimo nyasi mpya zinamotokea.

Kabla ya kufunga maksai, tembea malishoni kwa miguu. Toa mawe. Kila kisiki kikubwa weka tawi juu yake ili lionekane. Kazi hii inachukua saa moja, na ukiikwepa utavunja pini zote tano.

Kisha watu wawili wanatosha, mmoja mbele akiongoza maksai, mwingine nyuma akishika mikono ya reki. Maksai wasiojua kazi wanahitaji mtu wa tatu. Wanatembea polepole. Nyasi zinakusanyika mbele ya meno. Zikijaa, yule wa nyuma anainua mikono, reki inaruka juu ya nyasi, nyasi zinabaki. Anashusha tena. Mkirudi mstari wa pili, inua pale pale ulipoinua mara ya kwanza. Mwisho wa kazi nyasi zote zimelala katika mistari iliyokingama malisho, na mkokoteni unapita kati ya mistari kuzibeba.

Je, inachukua muda gani? Fanya hesabu nami. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Reki ina upana wa mita 2. Kwa hiyo kusafisha eka moja maksai wanatembea mita 2,000 na kidogo, yaani kilomita 2. Maksai wa kawaida hutembea kilomita 2 mpaka 3 kwa saa moja wakiwa kazini. Weka muda wa kugeuka, wa kuinua, wa kuchonga pini na wa kubishana. Sisi tulimaliza eka moja kwa saa mbili. Eka nne za mzee zilichukua asubuhi tatu, kwa sababu hatufanyi kazi jua likiwa kali.

Maksai wafungwe saa 12 asubuhi na wafunguliwe saa 4, au saa 5 siku ya baridi. Jozi ya maksai inaweza kuvuta kwa muda mrefu mzigo wenye nguvu ya sehemu moja ya kumi ya uzito wao. Mwezi wa Septemba maksai wetu wamekonda. Reki ni nyepesi kuliko plau, lakini maksai aliyekonda ni maksai aliyekonda. Tazama shingo yake chini ya nira. Ukiona kidonda, hakuna kazi mpaka kipone. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Na hata bila sheria, mnyama mwenye kidonda atakataa nira mwezi wa Novemba, siku ile ile mvua inaponyesha na majirani wote wanalima.

NILIKOSEA MIMI

Mwezi wa Machi mwaka 2024 mkulima mmoja kijana aliniita. Malisho yake yalikuwa yamejaa mavi ya ng'ombe, na nyasi zilizozunguka mavi hazikuliwa. Hilo ni jambo la kawaida, ng'ombe hapendi kula karibu na mavi. Akaniuliza, "Shikamoo Bwana Shamba. Reki inaweza kuyasambaza mavi haya?"

Nikamjibu, "Marahaba. Inaweza."

Kweli inaweza. Lakini nilikuwa nimesahau kuangalia mambo mawili.

La kwanza ni udongo. Machi ni masika, na udongo wetu mwekundu ukiwa umelowa ni laini kama ugali. Kwato za maksai zilizama. Miguu ya reki ikazama, na meno yakazama nayo. Badala ya kufagia tukawa tunang'oa nyasi na mizizi yake. Malisho yale yana mteremko, na sisi tulikokota kutoka juu kwenda chini kwa kuwa ni rahisi. Kila jino lilichora mfereji mdogo. Usiku ule mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi maji yalikuwa yamefuata mifereji ile yote 16, yakaifanya kuwa mitatu, kisha mmoja. Mpaka leo korongo lile lipo. Lina kina cha magoti. Kijana yule hajanilaumu mbele ya watu, nami namshukuru. Tumepanda matete na kuweka mawe, na linaanza kuziba.

La pili ni minyoo. Mayai ya minyoo ya ng'ombe yamo ndani ya mavi. Yanaanguliwa, na vijidudu vyake vinapanda juu ya majani kungoja kuliwa. Ukisambaza mavi wakati wa mvua, umesambaza minyoo katika malisho yote, tena mahali pa unyevu panapoipendeza. Ukisambaza mavi wakati wa kiangazi, jua linayakausha na vijidudu vingi vinakufa. Kwa hiyo mavi yasambazwe katika jua kali, na ng'ombe wakae nje ya sehemu hiyo wiki kadhaa.

Kwa hiyo reki na ingoje udongo ukauke. Kwetu Nanyala miezi yake ni kuanzia Juni mpaka Oktoba. Penye mteremko, kokota kwa kukingama mteremko, wala si kushuka nao. Penye mteremko mkali, tumia reki ya mkono tu.

Watu wananiuliza kuhusu kupe. Reki haiui kupe. Nyasi ndefu zikiondolewa, kupe wanakosa kivuli na unyevu, na hilo linasaidia kidogo. Lakini ndigana kali inaletwa na kupe, na ndama wanakufa nayo. Endeleeni kuogesha ng'ombe kama mlivyoelekezwa na mtaalamu wa mifugo. Asiwepo mtu atakayeacha josho kwa sababu ya reki.

NYASI ZIENDE WAPI

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kufundisha.

Nyasi kuukuu za Septemba hazina chakula kingi. Ng'ombe akizila ni kujaza tumbo. Lakini zinafaa kutandika zizini. Zikikanyagwa na kuchanganyika na mkojo na mavi, baada ya miezi michache ni samadi nzuri ya shamba la mahindi. Zinafaa pia shimo la mboji.

Kazi yake bora hapa Mbozi ni kutandaza katika kahawa. Matandazo yanafunika udongo, unyevu haukimbii, magugu hayaoti. Weka unene wa kiganja, na acha nafasi kuzunguka shina, nyasi zisiguse mti. Angalia tu usichukue nyasi zenye mbegu zilizokomaa, wala mizizi ya sangari. Sangari ikiingia katika kahawa, wajukuu wako watakuwa bado wanaing'oa. Tena jua kwamba matandazo makavu yanashika moto upesi. Shamba lenye matandazo lizungushiwe ukanda uliopaliliwa mpaka udongo uonekane, upana wa mita tatu au zaidi.

Mwaka ule wa 2023 eka nne za mzee zilitoa nyasi mikokoteni mingi. Alijaza zizi, akajaza shimo la mboji, na bado mistari ilibaki malishoni. Siku moja asubuhi nilimkuta anapakia mkokoteni. Nilimuuliza anapeleka wapi. Hakunijibu, akaonyesha kwa kidevu tu. Alikuwa anapeleka kwa jirani yake, kwenye kahawa mpya iliyopandwa badala ya ile iliyoungua. Alikwenda mikokoteni mitano. Sikuuliza walizungumza nini. Najua tu kwamba mwezi wa Novemba maksai wa mzee na plau ya jirani vilikuwa shamba moja.

NYASI ZA KUWEKA AKIBA

Kuna wanaotaka zaidi ya kusafisha. Wanataka nyasi za kulisha kiangazi. Hizo hazikatwi Septemba. Zinakatwa zinapoanza kutoa maua, kabla ya mbegu kukomaa. Wakati huo zina chakula. Shida yake ni mvua, kwa sababu nyasi nyingi zinatoa maua mvua ikiwa bado. Acha kipande kimoja cha malisho bila kuchunga mpaka mwisho wa masika, ukikate mvua inapokatika mwezi wa Mei. Geuza nyasi mara moja kwa siku. Zikilia kavu mkononi na bado zina rangi ya kijani, pitisha reki.

Fundi seremala akutengenezee boksi lisilo na kifuniko wala sakafu, urefu sentimita 85, upana sentimita 55, kina sentimita 45. Tandika kamba mbili ndani, jaza nyasi, kanyaga kwa miguu, jaza tena, funga kamba, inua boksi. Umepata robota la kilo 20 hivi.

Maksai wa kilo 300 anakula kilo 7 au 8 za nyasi kavu kwa siku. Jozi moja ni kilo 15. Kwa siku 100 za kiangazi, kuanzia katikati ya Agosti mpaka mvua, ni kilo 1,500, yaani marobota 75. Yaweke juu ya fito, chini ya paa. Ukipata 30 tu si haba. Wape mwezi wa Oktoba, ili nira ya Novemba iwakute wana nguvu.

ASIYE NA MAKSAI

Mwanamke mmoja mjane wa kitongoji cha jirani alinisimamisha njiani mwaka 2024. Akasema, "Bwana Shamba, habari yako ya reki nimeisikia. Ni habari ya wanaume wenye maksai. Mimi nina ng'ombe mmoja wa maziwa na nusu eka ya nyasi. Mgongo wangu unaniuma."

Alisema kweli. Katika mikutano yangu mingi nazungumza na wenye maksai, kwa sababu ndio wanaokaa mbele.

Tulikwenda kwa kikundi. Walikubaliana hivi: wanakikundi wanapitisha reki katika nusu eka yake, kazi ya saa moja. Yeye halipi fedha. Wanachukua mstari mmoja wa nyasi katika kila mistari mitatu. Mpaka sasa watu saba wasio na maksai wamefanya mapatano ya namna hiyo, na watano ni wanawake. Mmoja wa wanakikundi alitaka kudai mistari miwili. Mzee wa moto alimkatalia. Alisema yeye ndiye mwenye boriti.

Shule nayo ilikuja. Kiwanja cha mpira kikifyekwa, watoto walikuwa wakiokota nyasi kwa mikono siku nzima, na vumbi, na upupu. Kiwanja cha mita 100 kwa 60 ni eka moja na nusu. Maksai walikimaliza kabla ya saa ya uji. Watoto walikaa pembeni wakihesabu kila mara pini ilipovunjika. Ilivunjika mara moja tu, kwenye mguu wa goli, na kosa lilikuwa la mwendeshaji.

Reki iko nyumbani kwa mzee, chini ya dari ya mahindi, meno yakiwa yamepakwa oili chafu ili yasipate kutu. Anayetaka kuchukua vipimo aende asubuhi na kamba ya kupimia. Jioni mzee huwa kwa jirani yake.